Kazi ya Msimu, Tumbo la Mwaka Mzima

Mada kuhusu kuanza kazi ya kujitegemea, iliyotolewa kwa vijana wa kata za mlimani na za tambarare

 

Kila mwaka, mvua za masika zinapoanza kushuka Machi kuelekea Aprili, lango la Marangu hupoa. Magari ya watalii hupungua, mizani ya kupimia mizigo ya wapagazi hukaa saa nyingi bila kazi, na vijana ambao mwezi Februari hawakuwa na hata siku mbili mfululizo za kulala nyumbani huanza kuonekana vijiweni Marangu Mtoni, Himo na mjini Moshi. Kazi yao haijafa. Wageni watarudi Juni, mlima utajaa tena hadi Oktoba, na simu zitaanza kuita. Swali ambalo mada hii inaliweka mbele ya vijana ni hili: kati ya Aprili na Juni familia ya kijana huyo inakula nini, na nani alipaswa kulipia chakula hicho?

Jibu ni kwamba chakula cha Aprili kilipaswa kulipwa na siku za kazi za Februari. Anayejitegemea asipoweka siku zisizo na kazi ndani ya bei ya siku zenye kazi, atazilipa kwa njia nyingine: kwa kuuza ng'ombe, kwa kukata miti ya kihamba kabla ya wakati wake, au kwa kukopa mahali ambapo hakustahili kukopa.

Yafaa kwanza ieleweke ni nani anayezungumziwa. Neno "kujiajiri" limezoeleka kutumiwa kwa mwenye duka, mwenye bodaboda au mwenye genge la mboga. Hawa wana bidhaa au chombo. Yupo mwingine ambaye bidhaa yake ni ujuzi na muda wake mwenyewe, naye hukodishwa na mtu huyu leo na mtu yule kesho: mwongoza watalii, mpishi wa mlimani, mpagazi ambaye huko juu huitwa mgumu, mpiga picha wa harusi, mshereheshaji, fundi cherehani anayeshona sare kwa oda, mfasiri wa lugha, mbunifu wa matangazo anayefanyia kazi kompyuta yake chumbani Pasua au Majengo. Huyu hana mshahara, wala hana rafu ya bidhaa ambayo mteja wa jioni anaweza kuipitia. Siku iliyopita bila kuitwa haiuziki tena.

Tofauti yake na mwajiriwa inaonekana vizuri zaidi katika siku ambazo mwajiriwa hafanyi kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo, na mama mwajiriwa anayejifungua ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Anayejitegemea hana hata moja ya siku hizo, isipokuwa awe amejilipia mwenyewe mapema. Fundi cherehani wa Kibosho anayetarajia kujifungua mwezi Agosti anapaswa kuanza kuilipia likizo yake Januari, kwa kila gauni analokata. Wengi huanza kufikiri jambo hilo mwezi Julai.

Kuishi kwa mapato ya msimu si jambo geni katika miteremko ya Kilimanjaro. Wazee waliohudhuria hapa walikulia ndani yake. Kahawa ilivunwa kwa msimu na kulipwa kwa msimu. Ilikuwa ni kwa sababu ya bei na malipo hayo kwamba wakulima walijiunga kwanza katika chama chao cha mwaka 1925, KNPA, na baadaye katika KNCU iliyoanzishwa mwaka 1933. Mkulima alijua kwamba fedha ya kahawa huja kwa mafungu, na kwamba fungu moja lilikuwa la ada ya shule, jingine la bati la nyumba. Lakini hakuitegemea fedha hiyo kwa chakula. Chini ya kivuli cha mgomba kulikuwa na ndizi za mwaka mzima, maharage, na ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba. Kihamba ndicho kilichokuwa bima yake.

Kijana wa leo amerithi mapato ya msimu bila kurithi bima hiyo. Kihamba cha babu kimegawanywa kwa baba na ndugu zake, kisha kwa watoto wao, na sehemu iliyobaki pengine haitoshi hata kulisha nyumba moja. Wengine wamepanga vyumba Njoro na Rau, na huko ndizi hununuliwa. Kodi ya nyumba hudaiwa Aprili kama inavyodaiwa Februari. Kwa hiyo bima ambayo mzee aliipata kwa mgomba, kijana huyu hana budi kuipata kwa hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukulia mwongoza watalii ambaye kwa mwaka hupata safari 20 za siku 6, yaani siku 120 za kazi. Nyumba yake, kwa chakula, kodi na ada, inahitaji shilingi 400,000 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni shilingi 4,800,000. Viatu, koti la baridi, nauli, muda wa maongezi, vibali na mafunzo ya huduma ya kwanza vinamgharimu shilingi 900,000. Akitenga shilingi 600,000 kwa ajili ya ugonjwa na uzee, mahitaji yake yote kwa mwaka ni shilingi 6,300,000. Zigawanywe kwa siku 120, na kila siku ya kazi inapaswa kumletea shilingi 52,500.

Sasa itazamwe namna anayeanza anavyopiga hesabu hiyo kichwani. Anagawanya matumizi ya nyumbani kwa siku za mwaka mzima, anapata takriban shilingi 13,000 kwa siku, na akiahidiwa shilingi 30,000 anaona amepata zaidi ya mara mbili ya anachohitaji. Anashukuru, anapanda mlima, na Februari anaonekana mjini kama mtu mwenye uwezo. Mwisho wa mwaka atakuwa amepokea shilingi 3,600,000, na pengo la shilingi 2,700,000 litakuwa limejificha ndani ya miezi ya mvua. Watu wataliita bahati mbaya, ingawa lilikuwapo tangu siku alipokubali bei. Takwimu hizi ni za mfano tu. Kila mmoja aweke za kwake. Lakini kigawanyo kiwe siku za kazi, kamwe kisiwe siku za mwaka.

Yupo atakayesema kwamba soko halitakubali bei hiyo, na mara nyingi atakuwa anasema kweli, hasa kwa mpagazi anayeanza. Hata hivyo hesabu haijapoteza faida yake. Imemwambia mapema, akiwa bado na nguvu na muda, kwamba kazi hiyo peke yake haimtoshi. Basi atafute kazi ya pili inayokua wakati ile ya kwanza imelala: parachichi, mizinga ya nyuki, ufundi aliojifunza VETA Moshi, au kushona. Au apande daraja, kutoka mpagazi kwenda mpishi, kutoka mpishi kwenda mwongozaji, kwa kuwa daraja la juu hulipwa zaidi kwa siku zile zile. Ni afadhali kuambiwa jambo hili na karatasi mwezi Julai kuliko kuambiwa na mwenye nyumba mwezi Aprili.

Bakshishi nayo inahitaji neno lake. Mlimani ni desturi ya siku nyingi mgeni anaposhuka salama kuwapa asante waliomsindikiza, na asante hiyo wakati mwingine huzidi ujira wa safari. Ndiyo maana wapo wanaokubali ujira mdogo mno wakitegemea kwamba mgeni atafidia. Bakshishi ni moyo wa mtu, na moyo wa mtu hauwekwi katika hesabu ya kodi ya nyumba. Ikipatikana, iende moja kwa moja katika akiba ya masika. Mtu akijizuia kwa hilo tu, bila kubadili jambo jingine lolote, tayari ametofautiana na wengi wa rika lake.

Mwaka 2020 ulionyesha jambo hili bila huruma. Ugonjwa wa UVIKO-19 uliposimamisha safari za ndege duniani, wageni walitoweka katika malango yote, Marangu, Machame, Umbwe, Rongai na Londorossi. Tanzania ilifungua tena anga lake mwezi Mei mwaka huo, lakini kufunguliwa kwa anga hakukurudisha wageni siku ile ile. Msimu wa Juni ulikuja bila watu wake. Waliokuwa na akiba ya miezi mitatu waliishi kwa shida. Waliokuwa na kazi ya pili mkononi waliishi kwa shida iliyo nafuu. Wasio na kimojawapo waliuza vifaa vyao vya mlimani kwa bei ya kutupa, na wageni waliporejea ikawabidi wakodi mabegi na makoti ili waweze kufanya kazi.

Kuna kosa jingine linalowapata wanaoanza, nalo ni kudhani kwamba mwenye ujuzi ana haki ya kuuza kila kilicho karibu na ujuzi wake. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973, ina taratibu zake. Mgeni hapandi bila mwongozaji aliyesajiliwa, na biashara ya kupandisha wageni ni ya kampuni zenye leseni ya utalii. Mwongozaji hodari hata awe amefika Uhuru, mita 5,895, mara mia moja, hawezi kumpokea mgeni stendi na kumpeleka langoni kwa jina lake mwenyewe. Anayejaribu kufanya hivyo humweka mgeni hatarini na hujifungia mlango wa riziki. Anachouza yeye ni siku zake kwa kampuni, na kwa sababu hiyo mteja wake halisi ni kampuni. Ni vyema awe na kampuni mbili au tatu zinazomfahamu, maana mwenye mteja mmoja tu ana mwajiri asiyemlipa likizo.

Makubaliano na mteja yaandikwe. Wengi huona aibu kudai karatasi kwa mtu aliyewapa kazi, hasa akiwa jirani au ndugu wa ukoo. Lakini maandishi siku hizi hayahitaji muhuri wala meza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki, hivyo ujumbe wa simu unaotaja kazi, siku, kiasi na tarehe ya malipo, uliojibiwa na upande wa pili kwa neno la kukubali, ni ushahidi wenye thamani. Ujumbe kama "Nimekubali safari ya siku 6 kuanzia tarehe 3, malipo yote ndani ya siku 7 baada ya kushuka, naomba uthibitisho" hauvunji udugu wa mtu. Unaouvunja ni ule ugomvi wa miezi miwili baadaye, kila mmoja akikumbuka kiasi tofauti.

Wanaohudumia sherehe wana msimu wao, na huo ni wa Disemba. Mwenye kuishi mkoa huu hahitaji kuelezwa. Mabasi kutoka Dar es Salaam hujaa, magari ya watu binafsi hupanga foleni, koo hukutana, harusi, komunio, kipaimara na ubarikio hufuatana, na mpiga picha mmoja huitwa na familia nne siku moja. Januari simu hiyo hiyo inanyamaza. Kwa watu hawa kinga kubwa ni arubuni. Tarehe ya Disemba iliyowekwa kwa mteja mmoja imekataliwa kwa watatu wengine, na mteja huyo akiahirisha siku mbili kabla, hasara yote ni ya mpiga picha. Nusu ya malipo itolewe siku ya kukubaliana, na ielezwe tangu mwanzo kwamba hairudishwi kazi ikivunjwa na mteja. Atakayekasirika kwa sharti hilo pengine ndiye angekuwa mgumu kulipa baada ya sherehe.

Kuhusu kodi, hofu ni kubwa kuliko inavyostahili, na hofu hiyo huwafanya vijana wajifiche hadi siku wanapopata mteja mkubwa anayedai namba ya mlipakodi, kisha wanaikosa kazi. Namba hiyo, yaani TIN, hutolewa na TRA bila malipo. Anayedai fedha ili amtafutie mtu TIN anamuuzia kisicho na bei.

Kwa wafanyabiashara wadogo, viwango vilivyoanza kutumika mwaka 2019 vinamtendea mema mwenye kuandika. Mauzo yasiyozidi shilingi 4,000,000 kwa mwaka hayatozwi kodi hiyo ya mapato. Fundi cherehani wa Himo aliyeuza kwa shilingi 6,000,000 bila kutunza kumbukumbu hulipa shilingi 100,000. Mwenzake mwenye daftari, kwa mauzo yale yale, hulipa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi milioni 4, yaani shilingi 60,000. Yakifika shilingi 9,000,000, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000 na mwenye kumbukumbu hulipa 150,000. Daftari la kaunta la shilingi elfu chache limemwokolea mtu shilingi laki moja. Huduma za kitaalamu na za kiufundi zina utaratibu tofauti, kwa hiyo mwenye shughuli za aina hiyo aulize ofisi ya TRA Moshi kabla ya kujipangia kiwango.

Wanaofanya kazi kwa kampuni na ofisi wakumbuke pia kodi ya zuio. Mlipaji anaweza kutakiwa na sheria kukata asilimia 5 ya malipo ya huduma na kuiwasilisha TRA. Kwa kazi ya shilingi 1,000,000, mtoa huduma anapokea 950,000. Anayeanza hudhani amepunjwa. Kinachotakiwa ni kudai cheti cha kodi hiyo na kukitunza, kwa kuwa kiasi kilichokatwa huhesabiwa katika kodi yake ya mwaka. Asiyedai cheti amelipa kodi asiyoweza kuionyesha.

Suala la mkopo limewekwa mwisho kwa makusudi, ingawa ndilo linaloulizwa kwanza katika kila mkutano. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni fedha ya wananchi na inarudishwa ili wengine wapate. Waongozaji na wapagazi watano wanaofahamiana wanaweza kuunda kikundi, kununua mahema, mabegi ya kulalia na makoti, na kuyakodisha. Hicho ni chombo kinachozalisha hata siku ambayo mwenyewe hajapanda. Mkopo kwa matumizi ya namna hiyo una maana. Mkopo wa kula Aprili hauna, hata kama hauna riba, maana hakuna kitakachoulipa isipokuwa siku za Juni ambazo tayari zina madai yake. Wakati nao uangaliwe: kikundi cha mlimani kipange marejesho yake makubwa yaangukie Julai hadi Oktoba, wakati fedha ipo mikononi.

Ile inayoitwa kausha damu haihitaji maelezo mengi kwa waliokwisha kuionja. Mkopeshaji huja masika, haulizi dhamana kubwa, anataka kadi ya benki na nywila yake, au godoro na televisheni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayekopesha umma awe na leseni, na mwananchi ana haki ya kuiona leseni hiyo na kusoma riba kabla ya kutia sahihi. Mwenye kuombwa nywila ya kadi yake aondoke hapo hapo. Vikoba vya kijiji, vikiwa vimesajiliwa, ni njia nafuu zaidi, tena vinamfundisha kijana kuweka kabla ya kukopa.

Uzee nao huja kwa mgumu mapema kuliko kwa karani. Utaratibu wa hifadhi unaweka kilo 20 kuwa kikomo cha mzigo wa mpagazi, na hata uzito huo, ukibebwa safari 20 kwa mwaka kwa miaka 15, magoti yanaukumbuka. NSSF hupokea wanachama waliojiajiri wenyewe, na mchango unaweza kutolewa kwa simu. Apeleke fungu kubwa miezi ya wageni na dogo miezi ya mvua, ilimradi asiache.

Vijana wanaotaka kuanza wafike kwanza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yao kwa mambo ya vikundi na mikopo, na kwa Afisa Biashara wa Halmashauri kujua kama shughuli yao inahitaji leseni; maombi ya leseni hupitia mfumo wa TAUSI na huhitaji TIN. Waje na kitambulisho cha Taifa au namba yake ya NIDA, na waje na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono: mahitaji ya nyumba kwa mwaka, gharama za kazi, na idadi ya siku za kazi wanazozitarajia. Maafisa watasaidia kukagua mgawanyo huo bila malipo. Kwa wale wa mlimani, wakati mzuri wa kuja ni sasa, kabla simu za Juni hazijaanza kuita, kwa sababu bei ya msimu mzima hukubaliwa katika simu ya kwanza.